Sistahili, Lakini

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa akina mama wa parokia yetu siku ya hija ya Kwaresima, Bagamoyo, chini ya miembe ya misheni. Wengine mlikosa nafasi kwenye basi, wengine mlikuwa zamu, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Tumsifu Yesu Kristo!

Hiyo ni "milele na milele" ya watu walioamka saa kumi usiku kuwahi basi. Tumsifu Yesu Kristo!

Afadhali. Sogeeni kivulini jamani, kivuli cha miembe hii hakina kiingilio. Mama mwenye mtoto njoo huku mbele, jua linamfuata huyo. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na kwa kuwa ananifahamu, ameshika saa mkononi.

Naanza na Misa ya asubuhi. Kabla ya komunyo tulisema maneno fulani, sote kwa pamoja. Tuyaseme tena. "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu..." Simameni hapo hapo! Msiendelee. Baada ya hapo kuna nini? Kuna mkato. Na baada ya mkato? "Lakini." Lakini sema neno tu, na roho yangu itapona.

Mimi nina miaka sitini na saba. Katika hiyo, kama arobaini nzima nilikuwa naweka nukta pale penye mkato. Sistahili. Nukta. Mdomo ulikuwa unaendelea na "lakini" kwa mazoea, moyo ulishakaa chini zamani. Je, niko peke yangu hapa? Msijibu, naona mnavyoangaliana.

Niweke jambo moja sawa kwanza. Wapo wanaobaki kwenye benchi wakati wa komunyo kwa mambo yenye taratibu zake, ya ndoa na mengineyo. Hayo ni ya kwenda kuzungumza na paroko, mimi ni muuguzi mstaafu tu. Ninayemsema leo ni yule aliyefanya kitubio Jumamosi, akaondolewa dhambi, akatimiza malipizi, na Jumapili bado amekaa. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi? Na yale yote?" Huyo ndiye ninayemtafuta. Ndiye niliyekuwa.

Sasa, maneno yale hayakutungwa na padre. Yametoka kwa akida wa Kirumi, mkuu wa askari mia, pale Kapernaumu. Mkoloni, tukisema ukweli. Na nyumbani kwake aliyekuwa mgonjwa ni nani? Luka sura ya saba anasema wazi: mtumwa wake. Angalieni basi mahali tulipokaa. Kuna watu walifikishwa pwani hii wakiwa wametembea zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pande za Ziwa Tanganyika, wamefungwa kama kuni, wakavushwa kwa majahazi kwenda sokoni Unguja. Hapa, kuanzia mwaka 1868, mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wakikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Na sisi tumekuja mahali hapa hapa, tumesimama kwenye Misa, tumesema sentensi ambayo chanzo chake ni mtumwa mgonjwa kitandani. Neno liliposemwa, aliyepona alikuwa yeye. Nimeisema sentensi hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo mpaka mwaka jana.

Luka ana jambo jingine ambalo hunichekesha. Akida hakwenda mwenyewe kwanza, alituma wazee wa Wayahudi. Wale wazee walimwambia nini Yesu? "Anastahili huyu umtendee hivi, maana analipenda taifa letu, naye alitujengea sinagogi." Mnaisikia sauti ya kamati ya ujenzi hapo? (Mwenyekiti usinikazie macho.) Wazee wanasema anastahili, na ushahidi wao ni mchango. Mwenyewe anatuma ujumbe kwamba hastahili. Yesu akashangaa. Alishangaa lile sinagogi? Wapi! Alishangaa imani ya mtu anayesema "sistahili" na bado anaomba.

Maana kuna "sistahili" ya kuombea na kuna "sistahili" ya kukimbilia. Tunazichanganya, halafu ya pili tunaipamba kwa jina la unyenyekevu.

Yangu mimi ilianzia kwenye sahani. Mama yangu alinizaa hajaolewa, akafariki nikiwa mdogo, nikalelewa kwa ndugu. Sijapigwa kule, sijanyimwa chakula, wala sitaki mwondoke hapa mkiwalaumu watu waliokwisha kufa. Lakini nyumba ile ilikuwa na sahani nzuri za maua, na moja ya bati iliyobanduka rangi ukingoni, nyeusi pale ilipobanduka. Ya bati ilikuwa yangu. Ilioshwa mbali na nyingine, ikawekwa chini ya meza. Hakuna aliyewahi kuniambia neno baya. Sahani tu. Nimekua, nimesomea uuguzi, nimeolewa, nimenunua vyombo vyangu kwa mshahara wangu, na mpaka leo wageni wakija najikuta nimejipakulia kwenye ile yenye ufa. Binti yangu akaniuliza siku moja, "Mama, hii si ya kutupwa?" Sikuwa na la kumjibu.

Nani hapa hana sahani yake ya bati? Kwa mwingine ni ugumba. Kwa mwingine ni mimba aliyoitoa akiwa kidato cha tatu na hajamwambia mtu yeyote isipokuwa padre. Kwa mwingine ni mume aliyemwambia kwa miaka ishirini kwamba hana akili. Na mwingine hakufanyiwa lolote na mtu, alikosa yeye, anajua alichokosa, na usiku ukiingia kinamkalia kifuani.

Niwapeleke wodini. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa, hospitali sitaitaja. Zamu ya usiku, tuko wawili, mimi na muuguzi mzee. Shuka zilikuwa chache, kupata moja safi ilikuwa kubembeleza watu wa kufulia kana kwamba unaomba posa. Usiku ule nilikuwa nimepata moja nyeupe, nimeitandika, nimeivuta pembe zote nne. Wakamleta mama aliyeharibikiwa mimba, amebebwa kwenye baiskeli kutoka kijijini. Vumbi mpaka magotini, khanga imeloa damu imekuwa nzito. Nikamwonyesha kitanda. Akakitazama. Kisha akajishusha taratibu, akalala sakafuni ubavuni mwa kitanda, akasema, "Nesi, niache hapa hapa. Nitachafua shuka."

Nitawaambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu mpaka nilipozeeka. Kwa muda mfupi, kama wa kuhesabu moja mpaka tatu, nilifurahi. Shuka langu litabaki jeupe.

Yule muuguzi mzee akatokea nyuma yangu. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Hilo shuka limefuliwa kwa ajili ya nani?" Akainama, akampitisha yule mama mikono chini ya mabega, mimi nikashika miguu, tukampandisha. Damu ikapita shuka, ikapita na mpira uliotandikwa chini yake, ikafika kwenye godoro. Yule mama alikuwa analia, na siyo kwa maumivu. Alikuwa anasema, "Samahani, samahani." Anaomba samahani kwa kutokwa damu hospitalini!

"Wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi." Mathayo sura ya tisa. Tunausoma mstari huu, tunaitikia amina, kisha tunakwenda kulala sakafuni kando ya kitanda kilichotandikwa kwa ajili yetu. Tunamwambia Kristo, "Ngoja kwanza nijisafishe, nitakuja." Utajisafisha na nini? Umemwona mgonjwa gani aliyepona kwanza ndipo akalazwa?

Mama yule alikaa siku kadhaa, akaondoka kwa miguu yake. Shuka nililifua mwenyewe kwa dawa ya kung'arisha, mara tatu. Kivuli cha lile doa hakikutoka. Tuliendelea kulitandika hivyo hivyo, na wagonjwa wakalilalia.

Nije kwa Petro. Nawapenda waume zenu, lakini Petro ni mwanamume wa kupiga domo. "Wajapokukana wote!" Jogoo hajawika, ameshamkana mara tatu. Sasa, Yohana anaandika kitu kidogo sana kuhusu usiku ule: palikuwa na baridi, watumishi wakawasha moto wa makaa, na Petro akasimama pale anaota moto. Moto wa makaa. Twende sura ya ishirini na moja. Yesu amefufuka, wanafunzi wamevua usiku kucha, wanafika ufukweni, wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wajuzi wa Kigiriki wanasema neno hilo la moto wa makaa limetokea mara mbili tu katika Agano Jipya zima, na ni hizo mbili.

Ninyi ni wapishi, hamhitaji mjuzi wa Kigiriki. Harufu ya mkaa inashika wapi? Kwenye nywele, kwenye khanga. Unaweza kuoga na ukaisikia bado. Na harufu inakumbusha kuliko picha. Mimi nikisikia ile dawa ya sakafu ya wodini, niko wodini. Basi mfikirie Petro. Ameogelea na nguo zake kutoka chomboni kwa furaha, anajikung'uta maji, na kitu cha kwanza kumpiga puani ni mkaa. Ule ule. Kwa nini Yesu asiwashe kuni? Ufukwe ule haukosi vijiti! Naamini alichagua. Alimrudisha Petro kwenye harufu ya aibu yake, na pale pale akamwandalia samaki. Hakumwambia "yamepita, tusiyaongelee". Akamuuliza mara tatu, "Wanipenda?" Mara tatu, kwa zile tatu. Inauma. Ya tatu ilimhuzunisha, Yohana anasema hivyo. Lakini kabla ya maswali hayo, sikilizeni mpangilio, kabla ya swali la kwanza, alisema nini? "Njoni mfungue kinywa." Chakula kwanza. Maswali baadaye.

Usiku ule walianguka wawili, Petro na Yuda. Yuda naye alijuta, tena alirudisha vile vipande thelathini vya fedha. Petro hakurudisha chochote. Tofauti yao ni kwamba Yuda alijihukumu mwenyewe kabla Yesu hajapata nafasi ya kuwasha jiko. Petro, na aibu yake yote, alibakia karibu mpaka asubuhi ile. Zaidi ya hapo kuhusu Yuda sisemi. Kanisa halijamtangaza mtu yeyote kuwa yuko motoni, na mimi sitaanza leo.

Hapa naomba nivae sare yangu ya kazi dakika moja. Kama huna usingizi kwa wiki nzima, chakula hakipiti, na linakujia wazo kwamba watu watapumzika ukiondoka duniani, hilo usiliite unyenyekevu wala usilisubirishe mpaka semina ijayo. Mwambie mtu leo. Nenda hospitali. Kusali na kumeza dawa havigombani. Nimefanya vyote viwili na niko hapa.

Sasa Bahati. Nawasimulia kuhusu msichana wa Darfur, Sudani, aliyezaliwa karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, kwa hofu akasahau jina alilopewa na mama yake. Fikirini hofu ya namna hiyo. Waliomteka wakamwita Bakhita. Mnalisikia? Ni mzizi ule ule wa neno letu "bahati". Walimdhihaki, au hawakujali, sijui. Wakamwita Bahati huku wanampeleka sokoni. Aliuzwa na kuuzwa tena. Kwa bwana mmoja alichanjwa chale 114, tumboni, kifuani na mkono wa kulia, zikasuguliwa chumvi ili zisizibe. Mwaka 1883 akanunuliwa Khartoum na balozi mdogo wa Italia, na miaka miwili baadaye akafika Italia, akawa yaya wa mtoto. Kule Venezia, kwa masista wa shirika la Wakanosa, ndipo aliposikia habari za Yesu. Bibi wa ile familia alipokuja kumchukua warudi Afrika, Bakhita akakataa kutoka. Kesi ikaenda mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 wakasema ni mtu huru. Akabatizwa Januari iliyofuata, baadaye akawa sista, akawa bawabu wa konventi mji wa Schio. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu.

Hayo ya tarehe mtasahau, msijali. Ninachotaka mshike ni neno moja. Watu wa Venezia, bwana mwenye mali wanamwita "paron", na Bakhita alikuwa amewajua wengi wa namna hiyo, wa kuchapa na wa kuuza. Alipomjua Mungu, alimwita hivyo hivyo: Paron. Bwana. Kwamba juu ya mabwana wote wale yupo Bwana, na Bwana huyo anamfahamu yeye, anampenda yeye, na naye alichapwa mijeledi. Kiswahili chetu nacho kinabeba mzigo ule ule, sivyo? Hapa Bagamoyo mwenye mtumwa aliitwa bwana. Na sisi tunasema "Ee Bwana, sistahili." Ni bwana yupi unayemwona kichwani unaposema hivyo? Yule wa kiboko, au yule wa samaki na mkate?

Inasimuliwa kwamba uzeeni Bakhita alisema anakwenda mbinguni polepole na masanduku mawili. Moja lina dhambi zake. La pili, zito zaidi, lina mastahili ya Yesu. Akifika atafungua yote mawili mbele ya Mungu, kisha atamwambia Mtakatifu Petro afunge mlango, maana yeye anabaki. Sanduku la kwanza hakulitupa njiani, aliliburuta mpaka mlangoni. (Alisema pia kwamba akikutana na waliomteka angewapigia magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila wao asingemjua Kristo. Hapo mimi sijafika. Nawaambia kweli, hapo sijafika.)

Na zile chale? Alizikwa nazo.

Mchana tutapita kwenye ule mbuyu. Mtaona kipande cha mnyororo kinachungulia kwenye gome. Watu wengi wanadhani ni wa watumwa. Wanavyosimulia hapa misheni, Madame Chevalier, mama Mfaransa aliyehudumia wagonjwa, alimfunga punda wake pale, mnyororo ukasahauliwa, mti ukaendelea kukua na kuumeza. Mnyororo haukutolewa. Mbuyu umenenepa tu.

Namalizia, Mwenyekiti, nimekuona. Bado moja, na hili linatuhusu sisi tuliokaa hapa.

Kuna dada kwenye jumuiya yetu aliacha kuja. Wiki nne, wiki sita. Nikamfuata. Akaniambia, "Mama, sina kitenge cha sare." Mlisikia hiyo? Hakusema hana imani. Hana kitenge! Siku ya sherehe alikuja na gauni lake la kawaida, akasogezwa nyuma ili picha isiharibike. Nani alimsogeza? Sitataja, kwa sababu niliyekuwa nimeshika simu nikipiga picha ni mimi. Mimi wa sahani ya bati. Nikasema, "Samahani dada, pisha kidogo."

Tunasimama mbele tunasoma majina ya wasiomaliza ahadi za michango, kisha tunashangaa kwa nini watu wanajiona hawafai. Tumewafundisha wenyewe! Tunahubiri neema kuanzia saa mbili mpaka saa nne, na saa nne na dakika tano, kwenye matangazo, tunaanza kupima nani amejenga sinagogi. Michango ni lazima, paa halijiezeki. Lakini daftari la michango libaki kwa mhasibu. Nililipeleka jambo hili kwenye kikao mwezi uliopita, likaahirishwa. Nitalipeleka tena.

Sasa matangazo yangu mimi. Padre atakuwa pale kwenye benchi la mwembe wa tatu kwa ajili ya kitubio mpaka saa tisa. Basi linaondoka saa kumi kamili, si saa kumi ya Kiswahili cha harusi. Na pilau imeiva, naisikia.

Kuna mtu, simtaji na wala sitamtazama, aliniambia asubuhi kwenye basi kwamba yeye hatakula kwa kuwa hakuchanga ile hela ya chakula, atakaa tu ufukweni apunge upepo. Nimekwenda jikoni mwenyewe. Sahani zimehesabiwa kwa vichwa vilivyoshuka kwenye basi. Zote ni za aina moja, nimezikagua. Ni saa saba mchana, najua, lakini maneno ni yale yale: njoni mfungue kinywa.